Ubelgiji 1884: nusu ya mikoa tu ilipiga kura, serikali ikaanguka. Ilikuwaje?

Katibu_Mbozi

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye historia yao wanisaidie, na wenye ushirika pia msinipite.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Mbozi. Bodi yetu inamaliza muda wake. Kawaida yetu bodi nzima inatoka siku moja na nyingine nzima inaingia, na hao wapya hawajui hata funguo za ghala anazo nani. Safari iliyopita waliingia msimu umekolea, kahawa iko kwenye vichanja, foleni ya wakulima kwenye mzani imefika barabarani, na mkataba wa mkopo wa mbolea ulisainiwa na wale waliotoka. Benki inapiga simu, mwenyekiti mpya anajibu, "Mkopo upi?" Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa kwenye kikao cha juzi kijana wetu mmoja, mtoto wa mwanachama, kamaliza chuo, akasimama na pendekezo. Tugawe vijiji vyetu kanda mbili, ya juu na ya bondeni. Mwaka huu ichague kanda moja, na ile nyingine wajumbe wake wabaki mpaka zamu yao ifike. Akasema Ubelgiji walichagua bunge hivyo miaka na miaka na nchi ikatulia. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa bondeni akauliza swali moja tu: "Na mwaka ambao si zamu yetu, tukiibiwa tunamwambia nani?" Kikao kikafa pale pale.

Nimejaribu kutafuta mwenyewe nikakutana na huo uchaguzi wa 1884. Mikoa mitano ikapiga kura, minne ikakaa nyumbani, na serikali ya nchi nzima ikaondoka. Hapo ndipo ninapokwama. Nusu inaiangushaje serikali ya wote? Na ile nusu nyingine ilinyamaza tu?

Nataka historia, siasa za hapa kwetu tuziache nje.

---

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene, Katibu. Nimefundisha historia sekondari hapa Iringa mpaka nikastaafu, na Ulaya ya karne ya 19 ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ingawa muhtasari ulitaka tuipitie mbio mbio ili tuwahi ukoloni. Kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Kijana wenu hakudanganya. Kwa katiba yao ya 1831, mbunge wa bunge la chini alikaa miaka 4, ila kila baada ya miaka 2 nusu ya wabunge walitoka na viti vyao vikagombewa upya. Seneti ilikuwa miaka 8, nusu kila baada ya miaka 4. Nusu hiyo waliipata kwa kugawa mikoa. Nchi ilikuwa na mikoa 9. Kundi moja lilikuwa Antwerp, Brabant (humo ndimo ulimo mji wa Brussels), Flanders Magharibi, Namur na Luxembourg, mkoa huo, siyo ile nchi jirani. Kundi la pili Flanders Mashariki, Hainaut, Liège na Limburg. Mwenye kura wa Namur alipiga 1880, akapiga 1884, akapiga 1888. Wa Liège alipiga 1878, 1882, 1886. Walipishana hivyo, isipokuwa mfalme akivunja bunge, hapo nchi nzima ilikwenda kwenye kura kwa pamoja.

Waliotunga katiba hiyo walikuwa wametoka kwenye mapinduzi ya 1830, ndiyo kwanza wamejitenga na Uholanzi, na wakubwa wa Ulaya wanawatazama kwa jicho la pembeni. Walitaka bunge lisilogeuzwa lote na hasira ya siku moja. Mtindo wenyewe ulikuwepo tayari. Ufaransa, kwa katiba ya 1814, sehemu ya tano ya wabunge ilibadilishwa kila mwaka, mikoa ikipokezana. Mwaka 1819 zamu ikaangukia mkoa wa Isère, nao ukamchagua Grégoire, askofu wa zamani aliyekuwa mtu wa mapinduzi. Wafuasi wa mfalme wakapandwa na mori, wakamzuia asikalie kiti chake, na mwaka 1824 wakafuta zamu zote wakaweka bunge la miaka 7. Yaani walizipenda zamu mpaka siku zamu zilipowaletea mtu wasiyemtaka.

Sasa 1884. Hapa lazima nianze na shule, na mniruhusu nikae hapo kidogo maana ni habari za kazi yangu.

Ubelgiji ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Waliberali na Wakatoliki. Mwaka 1878 Waliberali walishinda, waziri mkuu akawa Walthère Frère-Orban. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya elimu: kila halmashauri lazima iwe na shule ya msingi ya umma isiyofungamana na dini, somo la dini lifundishwe nje ya vipindi, na mwalimu awe ametoka chuo cha ualimu cha serikali. Maaskofu wakajibu kwa moto. Mwalimu aliyefundisha kwenye shule hizo alinyimwa sakramenti, na mzazi aliyepeleka mtoto huko akanyimwa pia. Hebu fikiri wewe ni mwalimu wa kijiji Flanders mwaka 1880, una cheti chako, una darasa lako, Jumapili unaingia kanisani na kila mtu anajua kwamba kitubio hupewi. Mapadri wakafungua shule zao kila kona, na Flanders watoto wengi wakahamia huko, shule ya serikali ikabaki na mwalimu, ubao na watoto wachache. Mwaka huo huo wa 1880 serikali ikavunja uhusiano wa kibalozi na Vatikani. Watu wanakiita kipindi hicho vita ya shule, na mimi naona wamekipa jina linalokifaa.

Shule zinataka fedha. Serikali ikaingia kwenye nakisi, mwaka 1883 ikaongeza kodi. Na kumbuka waliokuwa na kura ndio hao hao walipa kodi, maana ili upige kura ya bunge ilikulazimu uwe mwanamume, tena unalipa kodi ya moja kwa moja isiyopungua faranga 42 na senti 32 kwa mwaka. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, wapiga kura hawakufika laki moja na nusu. Mchimba makaa wa Hainaut hakuwemo. Mama yake hakuwemo. Ukiwapandishia kodi wachache hao hao unaowaomba kura, umejichimbia. Juu ya hapo Waliberali wenyewe waligombana, hasa Brussels: wakongwe upande mmoja, na upande wa pili wenye siasa kali akina Paul Janson waliotaka haki ya kura ipanuliwe.

Tarehe 10 Juni 1884 zamu ikawa ya lile kundi la kwanza, mikoa mitano. Brussels peke yake ilikuwa na viti 16, na utaratibu wao ulikuwa mwenye kura nyingi anazoa. Orodha ya wagombea huru walioungwa mkono na Wakatoliki ikazoa vyote 16. Kwenye bunge lote la watu 138, Waliberali wakashuka kutoka 79 hadi 52, upande wa pili ukafika 86. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Wale wa mikoa minne walibaki na viti vyao, lakini serikali inakaa kwa idadi ya bunge zima. Ukipoteza viti 27 kwenye nusu, hesabu ya nzima imekwisha. Na hao 52 waliosalia, karibu wote walikuwa ni wa ile mikoa ambayo haikupiga kura.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni Frère-Orban mwenyewe. Alikuwa mbunge wa Liège, na Liège haikuwa na zamu. Jina lake halikuwemo kwenye karatasi yoyote ya kura siku hiyo. Aliondolewa uwaziri mkuu na uchaguzi ambao yeye hakugombea wala watu wake hawakupiga kura, akarudi bungeni na kiti chake kile kile, akakaa upande wa upinzani.

---

Tena_Tunduma

Mwalimu shikamoo. Mimi ni dereva, napandisha mzigo Tunduma kwenda Lubumbashi, na hapa nimelala foleni Kasumbalesa nasoma kwa simu, betri inaisha. Mwaka 1884 si ndiyo mwaka wa ule mkutano wa Berlin? Hilo bunge la nusu nusu ndilo lililompa mfalme wao Kongo?

---

Mwalimu wa Kihesa

Marahaba mwanangu. Umegonga palipo. Katiba yao ilimzuia mfalme kuwa mkuu wa nchi nyingine bila idhini ya mabunge yote mawili, tena kwa theluthi mbili. Leopold II akaomba idhini hiyo Aprili 1885, na bunge la chini lililompa ndilo hilo: nusu yake wamechaguliwa Juni 1884, nusu wamebaki na kura za 1882. Walipitisha karibu kwa kauli moja, wakisisitiza kwamba Kongo ni ya mfalme binafsi, nchi ya Ubelgiji haihusiki. Yaliyofuata huko kwenye uvunaji wa utomvu wa mpira unayajua, maana unapita humo humo.

Na mwaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua Kongo rasmi kutoka kwa mfalme, ilikuwa vile vile. Mei walichagua nusu, zamu ya Flanders Mashariki, Hainaut, Liège na Limburg, na bunge hilo likapiga kura ya kuichukua mwezi Agosti. Antwerp, ambako meli za Kongo zilikuwa zinatia nanga, haikuwa na zamu mwaka huo.

---

Mjukuu wa Ufipa

Nachomekea kidogo tu, niko Sumbawanga. Wabelgiji hao walifika mpaka huku kwetu kabla ya Mjerumani. Kituo cha Karema, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, kilianzishwa 1879 na Mbelgiji, Cambier, kwa niaba ya ile jumuiya ya mambo ya Afrika aliyoiunda Leopold. Mwaka 1885 wakakiacha mikononi mwa Mapadri Weupe. Kwa hiyo wakati kule Brussels ndiyo kwanza wametoka kugombana na mapadri kuhusu shule, huku mfalme wao anawakabidhi mapadri boma. Endeleeni.

---

Mwakaleli

Mwalimu heshima yako, lakini naona unataka kumtisha Katibu bure. Mimi nipo Rungwe, nimekaa kwenye bodi za ushirika wa chai muda mrefu. Nchi ile ilikwenda hivyo tangu 1831 mpaka vita ya kwanza ya dunia. Hicho siyo kitu cha kubezwa. Mwaka 1848 Ulaya yote inawaka, wafalme wanakimbia, Ubelgiji imetulia. Na hao Wakatoliki walioingia 1884 waliongoza peke yao miaka 30. Serikali ngapi za Ulaya zilikaa hivyo?

Tena hao wapiga kura waliobaki nyumbani 1884 walipata zamu yao 1886. Kama walichukia, si wangerudisha Waliberali? Kijana ana hoja. Bodi inayotoka yote kwa mpigo inaua chama, nimeona kwa macho yangu: wapya wanaingia, wanabadilisha mnunuzi kwa hasira tu, majani yanalala.

---

Mwalimu wa Kihesa

Ndugu Mwakaleli, 1848 walitulia kwa sababu nyingine. Serikali ya Charles Rogier iliposikia Paris imelipuka, haraka ikashusha kiwango cha kodi ya mpiga kura hadi kile cha chini kabisa ambacho katiba iliruhusu, zile faranga 42 nilizotaja. Wapiga kura wakaongezeka kutoka karibu elfu 46 hadi karibu elfu 79. Wenye duka na wenye warsha wakaona na wao wameingizwa ndani. Kisha bunge likavunjwa na nchi nzima ikapiga kura kwa pamoja. Yaani mwaka wa hatari wenyewe, zamu waliziweka kando.

Kwa 1886 nakubaliana na wewe. Hata Ghent ikageukia Wakatoliki. Lakini usiruke miezi ya katikati, maana ndimo lilimo jibu la swali la pili la Katibu, kama ile nusu ilinyamaza. Haikunyamaza. Serikali mpya ya Jules Malou haikusubiri, Septemba 1884 ikapitisha sheria ya kuzirudisha shule mikononi mwa halmashauri. Maandamano yakaingia Brussels, ya upande huu na ya upande ule, watu wakapigana barabarani. Oktoba ukaja uchaguzi wa halmashauri, huo ulikuwa wa nchi nzima, na miji mikubwa ikawapa Waliberali. Mfalme akaona hali siyo, akataka mawaziri wawili wakali, Jacobs na Woeste, waondoke. Malou akasema wakiondoka nami naondoka, na akaondoka. Akaingia Auguste Beernaert, Mkatoliki pia ila mtu wa maneno ya pole. Kwa hiyo waliokosa zamu walitumia mlango mwingine, na ndani ya miezi mitano waziri mkuu aliyeletwa na kura za Juni akawa hayupo.

Mimi sisemi zamu ni mbaya. Nasema walitafuta utulivu wakapata kampeni isiyokwisha. Kila miaka 2 nusu ya nchi iko kwenye majukwaa, na serikali inahesabu vidole: mwaka huu ni zamu ya nani? Sheria ngumu inasubirishwa mpaka mkoa fulani upite. Kundi moja lina Brussels na Antwerp, lingine lina Ghent, yote miji ya kuyumba. Anayeamua mkoa gani uwe kundi gani ameshaamua nusu ya matokeo kabla karatasi hazijachapwa.

Ndiyo maana, Katibu, sikuogopa neno zamu kwenye pendekezo la kijana. Nimeogopa "kanda ya juu na ya bondeni". Nani ana mtambo wa kukobolea, juu au bondeni? Ghala liko wapi?

---

Katibu_Mbozi

Nimekuja kuwasoma wote, asanteni sana. Mwalimu umenishika pabaya. Mtambo uko juu. Ghala liko juu. Bondeni wana kahawa nyingi ila maji ya kuoshea wanategemea mtambo wa juu. Na kama zamu inaanza na juu, hapo bodi ina wapya wa juu na wa zamani wa bondeni, na wa bondeni wakishikwa na tuhuma, watu wao hawana kura mpaka zamu yao.

Sasa nifanye nini? Nirudi kwenye kutoka wote? Naogopa tena ile simu ya benki.

---

Mwalimu wa Kihesa

Tazama walichofanya majirani zao, Waholanzi. Na wao kuanzia katikati ya karne hiyo walibadilisha nusu ya bunge la chini kila miaka 2, mpaka miaka ya 1880. Ila hawakugawa nchi. Kwa sheria yao ya 1850, majimbo mengi yalikuwa na wabunge wawili wawili, na kila safari jimbo lilimchagua mmoja huku mwingine akibaki na muda wake. Kwa hiyo kila miaka 2 karibu kila mwenye kura nchini alikwenda kituoni, na kila jimbo lilibaki na mtu mmoja anayejua mkopo upi.

Kwa hesabu ya kwenu: kila kijiji wajumbe wawili, kila uchaguzi anatoka mmoja. Juu wanapiga, bondeni wanapiga. Yule mzee akiibiwa ana pa kusemea mwaka wowote wa uchaguzi.

Ubelgiji wenyewe waliendelea na mikoa yao mpaka Mei 1914. Walichagua nusu ya bunge, Agosti Wajerumani wakavuka mpaka, na bunge hilo likakaa bila uchaguzi mpaka 1919. Walipopiga kura tena, walipiga nchi nzima.

---

Mwakaleli

Hiyo ya Waholanzi naikubali mchana kweupe. Ila Katibu usisahau, ukibadilisha masharti ya chama lazima mkutano mkuu upitishe na yaende kwa Mrajis wa vyama vya ushirika. Usiende na historia ya Ulaya, nenda na muhtasari wenye sahihi. Na mwaka wa kwanza mtaamuaje nani atoke mapema? Pigeni kura ya bahati hadharani, vikaratasi ndani ya kikapu, mtoto wa shule avute. Mkiacha bodi iamue yenyewe, wataondoa wasiowapenda.

---

Tena_Tunduma

Foleni imesogea. Katibu hiyo kahawa bei gani mwaka huu?

---

Katibu_Mbozi

Kaka malipo ya awali bado hatujapanga, bodi ndiyo hiyo inagombana.

Mwakaleli, kikapu nimekipenda. Tatizo dogo limebaki: tuna vijiji vitano, na masharti yetu yanasema wajumbe wa bodi wasizidi tisa. Kijiji kimoja lazima kiwe na mjumbe mmoja. Kuna kimoja kimegawanyika juzi kutoka kingine, bado wanachama wake wachache, nafikiria hicho, ila mwenyekiti wa sasa anatoka huko huko. Afisa ushirika wa wilaya anakuja Jumanne. Nitamuuliza kwanza kama tunaweza kufuta hiyo tisa, kisha nirudi hapa.